Sare ya Kubandikwa

…na shingo si yake hata kidogo, shingo ya Gracien ilikuwa nyembamba, dada zake walimwita korongo mpaka akajifunza kucheka pamoja nao, na hii anayoibandika Fikiri kwenye kompyuta ni shingo ya mwanamume aliyeshiba, imejaa kwenye kola ya sare ya jeshi, na uso wa mwanawe umekaa juu yake kama kifuniko cha sufuria nyingine, Maman Lucie anautazama akiwa kwenye benchi ya studio hii ya picha ya Kadutu, Bukavu, hapa ambapo kila familia huja kuchapisha fulana za kuondoa matanga, na Fikiri huwavalisha marehemu chochote jamaa wanachotaka, suti, joho la digrii, hata lile ambalo marehemu hakulipata akiwa hai… "Ongeza na bunduki," anasema shemeji yake Lucie, tonton Raphaël, ami wa Gracien, amesimama nyuma ya Fikiri mikono kiunoni, "batu baone alikuwa militere kweli"… bunduki gani, maskini, miezi yote ya mafunzo alishika fimbo, waliambiwa silaha watapewa huko mbele, na mbele kwenyewe hakufika, alifika Kamanyola tu, walilala katika madarasa ya shule wakisubiri lori, joto la bondeni likawashinda, wakanywa maji ya mtoni, lori lilipokuja akawa ameshazikwa… kolera, hata kichwani neno hilo analipitia kando, kwa sababu Raphaël aliwaambia watu msibani kwamba kijana ameanguka vitani, wanaume wakavua kofia, na yeye Lucie akanyamaza, ungesemaje mbele ya padri na majirani kwamba mwanajeshi wako ameuawa na kuhara…

"Mama Gracien, unaona vile anapendeza?" anauliza Raphaël, ndiyo, anapendeza, ila ile sweta imeondoka, Fikiri ameifuta muda mfupi uliopita, sweta ya kijani aliyomfumia mwenyewe, mkono mmoja ulitoka mrefu kuliko mwingine na Gracien akawa anaukunja, akiulizwa anasema ni mtindo, picha walipiga ufukweni kule chini, siku ya sambaza nyingi, vile visamaki vya ziwani, alikuwa ameshika bakuli akicheka na kitu kinywani, maana hakuwahi kungoja samaki wapoe, mtoto yule, utamkataza jikoni atapitia dirishani, utasikia tu mafuta yanalia na mkono umeshaingia, ee Gracien, nyumba ilivyokuwa na kelele zamani… "Minamaliza sasa hivi, maman," anasema Fikiri, kijana mpole, hana kosa, anafanya alichoambiwa… na yeye Lucie aliambiwa nini, mwenzake Gracien wa kikosi alipopiga simu, sauti inakatika, "Maman, alikuwa anauliza kila saa kama mvua iko inanyesha Bukavu," basi, hakuuliza adui wako wapi, hakuuliza bunduki, alikuwa amelala juu ya saruji na ulimi umekauka, anataka mvua ya kwao, na mwenzake akasema tena, polepole, kama anayeomba msamaha, "Alikuwa na haya, maman, alijichafua, hakutaka tumuguse"… hukutaka wakuguse, Gracien, ungeniita mimi, pale Katana hospitalini ulipokuwa mdogo si nililala nawe kitanda kimoja, tumbo linakuendesha usiku kucha, nakuosha, nakubadilisha, unachafua tena, nakuosha tena, asubuhi ukaomba chai ya maziwa na muuguzi akacheka, nilikuona mrembo kuliko watoto wote wa wodi, wewe na harufu yako, haya ilitoka wapi, nani alikufundisha, mimi nisingekuwa na haya, ningekuja kwa miguu, ningekupa maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko mpaka uchoke na mimi, ningeosha na ile saruji… na miezi hii yote nimekuwa nikiona haya kwa ajili yako, mimi, mama yako, nimekuacha umelala pale peke yako kwa mara ya pili, nikamlilia huyu mnene wa shingo ambaye simjui…

"Muzee anasema tuweke bunduki, na wewe, maman?" Fikiri amegeuka, kidole kiko juu ya kitufe, Raphaël bado mikono kiunoni, anamwangalia kwa huruma, anadhani machozi haya ni ya fahari, naye Lucie hajainuka, ila kwa mara ya kwanza tangu ile simu hana la kuficha, atamkosea shemeji, ndiyo, na atanuna mpaka Krismasi, wanaume watajua walivua kofia kwa mtu aliyekufa kwa tumbo, wazivae tena wakitaka, Jumamosi, siku ya kuondoa matanga, atakapofika padri atamwambia kwanza yeye, kisha wote, mwanangu aliugua, aliugua vibaya, hakuwa na mtu wa kumwosha… anapangusa pua kwa kitenge, anafungua mdomo, na neno linatoka lenyewe, bila kupita kando, mbele ya wote wawili.

"Kolera."