Pale Kivuli cha Mama Kinapoishia

Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi, fundi cherehani alikuwa akimsindikiza mama yake duka la dawa, ng'ambo ya barabara. Walipofika kwenye kibanda cha kuchaji simu, kivuli cha mama kikasimama. Mama hakusimama. Aliendelea na fimbo yake, miguuni patupu, jua likimpiga ubavuni.

Fundi viatu aliyekuwa akigonga soli pale pembeni aliinua kichwa. "Bibi, umesahau kivuli."

"Sijakisahau. Hakipendi kuvuka. Nitakipitia nikirudi."

Na waliporudi na vidonge vya presha, kilikuwa kinangoja palepale. Kikamfuata mwenyewe hadi nyumbani.

Fundi cherehani alikijua kivuli hicho tangu utoto wake, na hakuwahi kukipa maana yoyote. Siku hiyo machale yalimcheza. Alitoa mfukoni chaki ya kukatia nguo, akapiga mstari mfupi kwenye lami.

Mama alikuwa na miaka themanini na mmoja, na haja yake duniani ilikuwa imebaki moja: azikwe makaburi ya parokia ya mlimani, ubavuni mwa mama yake mzazi. Makaburi hayo yalimpokea tu mtu aliyeandikwa kwenye kitabu cha ubatizo cha parokia, na mama hakuwemo. Ofisi ya mlimani ilisema nyumba aliyozaliwa, hiyo hiyo wanayoishi sasa, zamani ilikuwa parokia ya mtoni. Ofisi ya mtoni ilisema nyumba hiyo haijawahi kuwa yao hata siku moja. Kwa miezi saba fundi alipigwa danadana kati ya ofisi hizo mbili, na kila moja ilimkaribisha kiti.

Vitabu vya mlimani vilitunzwa na mjomba. Alikuwa mdogo wa mama kwa miaka mitano, baba mmoja, mama mbalimbali. Mama alizaliwa nyumba ya chini, kwa mke mkubwa. Mjomba alizaliwa nyumba ya juu, jirani na kanisa. Ujana wake alikuwa karani wa wilaya. Sasa alikuwa mzee wa kanisa, na funguo za kabati zilimning'inia kiunoni. Nyumba zote mbili zilikuwa zake, kwa kuwa marehemu babu aliusia zichukuliwe na mtoto wake wa kwanza aliyebatizwa mlimani. Dada yake aliishi ya chini kwa hisani.

Mjomba alikuwa mwema mno, na wema huo ndio uliomkosesha fundi usingizi. Kabla hajaombwa ramani ya zamani ya mipaka ya parokia, alishaleta nakala yake nyumbani, ndani ya bahasha mpya.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Tazama mwenyewe, usije ukasema mjomba kakuficha kitu. Mpaka ulipita hapa. Dada alizaliwa mtoni, bahati mbaya tu."

Hakuna aliyekuwa amesema amefichwa kitu. Fundi alimmiminia chai na kumtazama mikono.

Mjomba alipoondoka, aliikunjua nakala juu ya cherehani. Mpaka ulifuata mto, ukafuata barabara, ukakaribia nyumba ya chini, ukapinda, ukaizunguka, ukaendelea na safari yake. Nyumba moja tu kati ya nyumba mia mbili. Fundi alikuwa ameshona miaka thelathini, na nguo iliyopunguzwa kwa ajili ya mtu mmoja aliitambua hata ikiwa imetundikwa.

Kwa wiki mbili, kila asubuhi, walitoka kupima mpaka wa kivuli. Mama alitangulia, fundi alifuata na chaki na futi. Kivuli kiliposimama, alichora. Majirani walisogeza mabeseni yao kumpa nafasi. Mwenye saluni alilalamika kwamba mstari umepita katikati ya mlango wake, akaambiwa ndivyo ulivyokuwa, akarudi kwa wateja wake. Jioni fundi alihamishia vipimo kwenye karatasi ya kukatia nguo. Mstari ulinyooka na barabara mwanzo hadi mwisho, na nyumba ya chini ikabaki mlimani, hatua arobaini ndani.

Akaenda ofisi ya kumbukumbu ya wilaya kuomba ramani yenyewe. Karani wa zamu aliileta, akapangusa vumbi. Wino ulipinda kama kwenye nakala. Fundi aliinyanyua dirishani. Ukifumua mshono, matundu ya sindano hubaki, na matundu yalikuwepo: madogo, yamepangana, yamenyooka na barabara bila kupinda popote.

Karani alichungulia. "Ndiyo. Wapima wa kwanza walitoboa kwa pini ndipo wakatia wino. Mpaka umehamishwa."

"Nani kauhamisha?"

Karani alionyesha ukingoni. Tarehe ilikuwa ya mwezi aliokufa babu. Sahihi ilikuwa ya mjomba. Chini yake palikuwa na sahihi ya pili, inayofanana na ya kwanza, ya mtu aliyechukua ukurasa wa ubatizo wa nyumba hiyo kuupeleka mtoni.

"Haukufika," fundi akasema.

"Inaonekana."

"Basi rekebisha."

"Naweza. Lakini lazima athibitishe mtunza vitabu wa parokia."

Fundi alimpelekea mjomba karatasi yake. Mjomba aliisoma taratibu, akafuata mstari kwa kidole hadi mwisho. Hakukana. "Umepima vizuri," alisema. "Ila kivuli hakina sahihi, mwanangu." Akaikunja, akaifungia kabatini.

Fundi alilia njia nzima, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Mama alifariki mwezi wa sita. Alizikwa makaburi ya manispaa, ng'ambo ya barabara. Jeneza lilipofika kwenye alama ya chaki, kivuli cha mama kikasimama. Wabebaji walingoja kidogo, kwa adabu, kisha wakaendelea bila kivuli.

Siku ya tatu mtunza makaburi wa mlimani alikikuta kimelala kando ya kaburi la bibi mzaa mama, mikono kifuani, fimbo ubavuni. Kilikaa kuanzia jua kuchomoza mpaka kuzama. Alipalilia akikizunguka. Fundi alipeleka futi, akapima: ni yeye.

Jumamosi mjomba alikuja na vigingi na kamba kuzungushia makaburi ya familia, ili pasiingie mtu asiyehusika. Alimsalimu fundi vizuri, akampa pole tena. Kisha akapigilia kigingi cha kwanza, akavuta kamba. Ilipita kwa babu, ikapita kwa bibi, ikafika kwenye kivuli, ikapinda, ikakizunguka, ikaendelea na safari yake.