Msitu wa Juu ya Madawati

Mtu akitaka kumfundisha mtoto matabaka ya msitu wa mvua kwa ubao na chaki peke yake, namtakia kila la heri. Mimi nilijaribu nikachoka. Unachora mistari, unaandika majina, watoto wananakili huku wanasinzia, halafu kwenye mtihani wanakuandikia kwamba nyani anaishi chini ya ardhi. Kwa hiyo nikabuni njia yangu. Mwalimu mkuu aliponiuliza kwa nini wanafunzi wangu wanapanda samani za shule, nilimwambia aje darasani apande na yeye.

Njia yenyewe ni hii. Watoto wa sakafu ya msitu wanalala chini ya madawati: hao ni uyoga, siafu na miche midogo. Wa vichaka wanachuchumaa kwenye viti wakiwa wamekunja shingo. Wa dari ya msitu wanasimama juu ya madawati, wanashikana mabega na kutandaza mikono mpaka kule chini kunakuwa na giza kweli. Halafu kuna mti mmoja mrefu unaochomoza juu ya wote, na huo unasimama juu ya kabati la vitabu, kando ya dirisha dogo la juu. Kabati linayumba, kwa hiyo mti huo lazima awe mtoto mwepesi. Safari hii alikuwa binti yangu, ambaye shule nzima inamwita Kasuku kwa sababu mdomo wake hauna likizo.

Giza lenyewe hatukuhitaji kulitafuta. Darasa langu lilikuwa na giza tangu lijengwe, maana nyuma ya ukuta kulikuwa na msitu wa kweli, kipande tu, kilichobaki baada ya kiwanda cha mbao kumaliza mwingine wote. Sisi sote tuliishi kwa kiwanda hicho. Nyumba zilikuwa zake, zahanati yake, bati la shule lake. Na mume wangu alikuwa mkata miti wake, tena fundi wa kusifiwa: mti anaouangusha yeye unalala pale pale alipochomeka kijiti. Mchana mimi nasomesha majina ya miti, jioni yeye ananiletea miti hiyo hiyo nyumbani, ikiwa unga wa mbao kwenye nywele zake. Tulizoea kutaniana hivyo, na utani ulikuwa umeanza kuniuma.

Sikutaka makubwa. Nilitaka kipande hicho kiachwe. Nilitaka mtoto amalize somo, azunguke ukuta, ainue uso na kuona kwamba mwalimu wake hakumdanganya. Kingekatwa nacho, ningekuwa nasimulia habari za mazimwi.

Nilimwomba meneja wa kiwanda mpaka akawa ananikwepa. "Tutaona, mwalimu," ndilo lilikuwa jibu lake. Nikaanza kuchemka. Usiku mmoja nilimwambia mume wangu wazi kwamba siku watakapoingia kwenye miti ile, nitawapanga wanafunzi wangu mbele ya mashina, mmoja mmoja, tuone nani atawasha mashine. Alivuta shuka akageukia ukutani, nami nikadhani nimemshinda kwa hoja.

Haikupita muda, meneja mwenyewe akanisimamisha njiani. "Nasikia una somo la ajabu," alisema. "Alhamisi asubuhi nitakuja kulitazama. Nikiridhika, tutaongea habari za msitu wako."

Nilirudi nyumbani kama sikanyagi chini.

Mazoezi yalianza kesho yake, na yalianza vibaya. Niliuliza dari ya msitu ni nini. "Mbao za milango!" wakajibu kwa sauti moja. Na vichaka? "Kuni!" Na ule mti mrefu? "Huo wa kupelekwa nje!" Nikauliza sakafu je. Wakatazamana. Chini ya dawati la mbele ikatoka sauti ya msichana tunayemwita Sisimizi, kwa udogo wake.

"Sakafu hainunuliwi, mwalimu."

Nilicheka, kisha nikakasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Hawakukosea kwa uvivu. Ndivyo baba zao wanavyoupanga msitu wakiwa mezani, kutoka juu mpaka chini, na kila mtoto pale alijua mpangilio huo kabla hajajua kusoma.

Nikaanza upya, taratibu. Nikawaeleza nani anaishi wapi na nani anamtegemea nani. Nikawaambia kwamba sakafuni kuna miche inayokaa gizani miaka na miaka bila kurefuka. Siku mti mkubwa ukianguka, jua linaingia, nayo inakimbilia juu. Hilo tuliliigiza pia: Kasuku anaruka kutoka kabatini, watoto wa dari wanashusha mikono, na wale wa chini wanatambaa kutoka, wanasimama na kujinyoosha. Sisimizi alilipenda hilo kuliko yote.

"Mwalimu, miche inajuaje kusubiri?"

"Haijui. Haina pa kwenda tu."

Akaridhika na jibu hilo kuliko nilivyotaka.

Jumatano jioni mume wangu alikuwa mlangoni akinoa mnyororo wa msumeno wake kwa tupa.

"Baba Kasuku, kesho si utakuja kumwona mwanao?"

"Kesho nina kazi."

"Meneja mwenyewe anakuja shuleni. Kazi gani hiyo isiyoweza kungoja?"

"Kazi ni kazi, mama Kasuku." Hakuinua uso. Baadaye akamvuta binti yake. "Utasimama wapi wewe?"

"Juu kabisa, baba!"

"Basi shika ukuta. Na usichungulie nje, utaanguka."

Nilifurahi kwamba angalau anamjali.

Meneja alifika na viatu vinavyong'aa, akakalia kiti cha mtoto, magoti yakamfika kidevuni. Alikuwa mpole ajabu. Aliniomba nisiharakishe, nifundishe kama siku zote. Nami nikafundisha! Sijawahi kufundisha vile. Watoto walijibu bila kukosea: nani yuko darini, nani vichakani, mvua inafikaje chini, jani likianguka linakwenda wapi. Hakuna aliyetaja milango wala kuni. Meneja alitikisa kichwa kwa kuridhika, na mimi nikajiona tayari nimeshauokoa ule msitu.

"Na wewe, mti mrefu," akamgeukia Kasuku, "unaona nini huko juu?"

Jibu tulilifanyia mazoezi: naona jua, naona mvua inakuja kwa mbali, naona tai. Kasuku akafungua mdomo. Kisha, kwa kuwa ameulizwa anaona nini, akageuka dirishani akatazama.

"Namwona baba!"

Darasa likaangua kicheko.

"Kweli tena! Baba yuko hapo nyuma na wenzake, ana msumeno! Baba! Baba!" Akawa anampungia mkono.

Msumeno ukawashwa. Watoto hawakushtuka, maana wamekulia kwenye sauti hiyo. Mimi ndiye niliyeganda na chaki mkononi. Nikamtazama meneja, naye akawa anatazama viatu vyake.

"Ulisema tutaongea," nikamwambia.

"Tutaongea, mwalimu. Oda imeshaingia. Bila miti hiyo kiwanda kinafungwa sasa hivi."

"Na ikiisha?"

"Kitafungwa baadaye kidogo." Akashusha sauti, watoto wasisikie. "Sikutaka mtoto aumie huko nje. Mumeo ndiye aliyenishauri. Alisema ukiwa kwenye somo hili hutoki darasani hata nyumba ikiungua."

Alinijua vizuri, mume wangu. Miaka yote ile ya ndoa alikuwa akinisikiliza kweli, na mimi nililalamika kwamba hanisikilizi.

Nilitaka kutoka mbio. Lakini mwanangu alikuwa juu ya kabati linaloyumba, na nusu ya darasa juu ya madawati. Ningemwachia nani watoto hao, huyu mwenye viatu? Nilibaki nimelishika kabati kwa mikono miwili, nikiusikia msumeno ukiingia ndani ya ule mti mkubwa, ule uliotutia giza miaka yote. Ukakohoa, ukaingia tena. Kisha ukanyamaza, ikafuata ile sauti ya kupasuka ambayo kila mtoto pale anaijua.

Mti ulilala mbali na ukuta, kama alivyopanga fundi. Hata vumbi la chaki halikuanguka ubaoni.

"Baba ameuangusha!" Kasuku akapiga makofi.

Halafu jua likaingia. Lilipita dirisha la juu, likashuka kwenye kabati, likafika sakafuni. Sijawahi kuiona sakafu ya darasa langu hivyo. Ilikuwa na nyufa, na tumbo la kila mtoto aliyelala pale lilikuwa limejaa vumbi. Watoto wa dari wakashusha mikono wenyewe. Chini ya dawati la mbele mkono mdogo ukajitokeza, ukageuzwa huku na huku ndani ya mwanga.

"Mwalimu," Sisimizi akasema, "jua limefika. Tuote sasa?"

Nyuma ya ukuta niliisikia injini ya katapila ikiwashwa. Lilikuwa limekuja kusafisha sakafu ya msitu, ili lori lipite.

Sisimizi hakungoja jibu langu. Alitambaa akatoka, na wenzake wakamfuata, siafu na uyoga na miche yote. Wakasimama katika jua kama nilivyowafundisha, wamejinyoosha kwa ncha za vidole, mikono juu, wakicheka kwa kuona kwamba safari hii imetokea kweli. Meneja akapiga makofi. Watoto wakageuka kunitazama mimi. Nikaliachia kabati, nami nikapiga.