Waya Mkononi

"Nimekwambia sijagusa, mama. Sijagusa!"

"Usinipandishie sauti. Kabati hili lina ufunguo mmoja, na uko mfukoni mwako. Sasa nani kagusa, panya?"

Chumba kizima cha kufungashia maziwa kilisikia. Mashine ya pakiti ilikuwa imesimama tangu mwanzo wa zamu, na mashine ikisimama hakuna kelele ya kuwafichia watu maneno yao.

Mama Mita, fundi mkuu waliyempa jina hilo kwa sababu kipima umeme hakimtoki mkononi, alikuwa amechuchumaa mbele ya kabati la umeme, kompyuta mapajani. Waya wa mtandao ulitoka kwenye kompyuta ukaingia kabatini, kwenye kidhibiti, kile kisanduku kinachoiambia mashine lini ivute plastiki, lini imimine maziwa, lini ikate. Aliyesimama mbele yake ni fundi umeme, mume wa binti yake wa kwanza. Alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, na kazi yenyewe aliombewa na huyu huyu mama mkwe.

"Tazama mwenyewe," Mama Mita alisema, akigonga kioo kwa ukucha. "Kompyuta inakiita kidhibiti, kidhibiti kinajibu. Jibu, jibu, jibu. Kwa hiyo waya mzima, mtandao mzima. Lakini nikitaka kufungua programu, patupu. Maana yake imefutwa. Na jana ulikuwa hapa peke yako unasafisha kabati."

"Nilifuta vumbi, mama. Vumbi tu."

"Na programu ukaikung'uta humo humo!" alidakia Spika, mwendesha mashine, mwanamke ambaye sauti yake haikuhitaji simu kufika getini. Watu wakaangua kicheko.

Mama Mita angeweza kuishia hapo. Hakuishia.

"Nilimwambia binti yangu asiwe na haraka. Mtu anayedanganya mchana kweupe kazini, nyumbani je?"

Kicheko kikakatika. Hata Spika alijifanya anatafuta kitu kwenye mfuko wa aproni. Mkwe alivua kofia yake ya kazi. Tangu aoe, hakuwahi kujibizana na mama huyu hadi asubuhi hiyo, na sasa alionekana kujuta hata kwa hayo machache aliyojibu.

Meneja akaingia. "Tatizo limejulikana?"

"Programu imefutwa."

"Na nani?"

Mama Mita hakutaja mtu. Alimtazama tu mkwe wake, na hiyo ilitosha.

"Kijana, acha ufunguo," meneja alisema. "Nenda ofisi ya utumishi ukasubiri barua yako ya kuachishwa kazi. Ninyi wengine, kanyweni chai."

Chumba kikabaki na harufu ya maziwa na Mama Mita. Tangi lilikuwa limejaa, na maziwa hayangojei mtu. Nakala ya programu ilikuwa ofisini kwake, kwa hiyo akachomoa waya wa mtandao, akaanza kuukunja kiganjani.

Jibu. Jibu. Jibu.

Aliangalia kioo. Akaangalia waya. Ncha zote mbili zilikuwa mkononi mwake, na bado kompyuta ilikuwa inaitikiwa.

Alijua kabla hajataka kujua. Asubuhi alipita ofisini kuchapisha ratiba ya zamu, akaiunganisha kompyuta na waifai. Waifai hakuizima. Akaizima sasa, na majibu yakakoma papo hapo. Kumbe anwani, ile namba ya kifaa mtandaoni, aliyokuwa akiipigia hodi kwa kujiamini vile ilikuwa pia anwani ya printa ya wahasibu. Mtandao wa mashine haugawi anwani. Sharti uiandikie kompyuta yako kwa mkono, na yeye hakuiandikia. Kila hodi ilipita hewani, ikaenda kwa printa, printa ikajibu kwa adabu zake zote. Kidhibiti hakikuwahi kusikia lolote.

Ni kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukaripiwa. Yeye mwenyewe amewakaripia wengi.

Alichomeka waya tena, akaiandikia kompyuta anwani. Programu ikafunguka, nzima, mstari kwa mstari, hakuna hata nukta iliyoondoka. Na mstari mmoja ulionyesha kilichoisimamisha mashine: kihisi cha mlango, kijicho kinachoijulisha mashine kwamba mlango umefungwa, hakikuwa kinaona. Akakiendea. Maziwa yalikuwa yamegandia usoni pake. Akayafuta kwa kidole gumba, na taa ya kijani ikawaka.

Masikio yake yaliwaka moto. Alitamani kabati limmeze, lijifunge. *Mtu anayedanganya mchana kweupe.* Yalikuwa maneno yake, kwa sauti yake, mbele ya watu wanaoijua familia yake.

"Taa ya kijani!" Meneja alikuwa mlangoni, ametabasamu hadi magego. "Umeirudisha programu? Mama, wewe kiboko! Bila wewe leo tungekuwa tunamwaga maziwa."

Hakuna aliyeona. Neno moja tu, ndiyo, na yote yangefukiwa hapo. Mkwe angeondoka na barua ya kufukuzwa kwa kosa ambalo hakulifanya, na binti angeisoma jioni.

"Hapana," alisema. "Waite watu wote waliokuwa hapa. Mashine usiiwashe kwanza. Nakuja."

Alimkuta mkwe kwenye benchi la utumishi, kofia ya kazi magotini. Kijana alipomwona akasimama kwa heshima, na kusimama kule kulimchoma kuliko tusi.

"Twende, baba."

"Mama, acha tu."

"Twende. Nina neno la kusema, nataka ulisikie kwangu."

Walikuwa wamekusanyika, wengine na vikombe vya chai. Mama Mita akawasha waifai, akachomoa waya, akaunyanyua juu ili kila mtu auone.

"Waya huu hapa. Na kompyuta bado inajibiwa. Nani anajibu? Printa ya wahasibu. Asubuhi nzima nilikuwa naongea na printa nikidhani ni kidhibiti. Programu ipo, haikufutwa na mtu. Kosa ni langu."

"Printa!" Spika alipiga kofi. "Mama Mita, ilikwambia nini, karatasi zimeisha?"

Wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Aliwaacha wacheke hadi wamalize.

"Na lile neno la binti yangu nililisema hapa, basi nalifuta hapa hapa. Nimekukosea, baba. Nisamehe. Meneja, barua kama imeandikwa, ichane. Kama lazima iwepo barua, iandike kwa jina langu."

Meneja akautoa ufunguo mfukoni, akamrudishia kijana.

"Yaishe, mama," mkwe alisema, macho sakafuni. Hakuyainua, na Mama Mita hakumdai ayainue.