Stempu za Nusu Bei

Pale posta, kwenye chumba cha kuchambulia barua, kulikuwa na mwanamke mmoja aliyezijua stempu bandia kama mama anavyowajua watoto wake watundu. Wenzake walimwita Mama Lenzi, kwa sababu ya lenzi aliyoining'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu. Miaka ishirini na miwili alikuwa kwenye meza ileile, kwenye kiti kilekile kinacholia kila akigeuka.

Tangu watu waanze kununua stempu mtandaoni, kazi ilikuwa imemzidi. Huko, nakwambia, unauziwa stempu mia kwa bei ya hamsini, unaletewa mpaka mlangoni, na muuzaji anakuwekea na picha ya ua juu yake. Nani asiyependa cha nusu bei? Lakini rahisi ghali. Stempu zenyewe zimechapwa na watu wasiojulikana, na barua ikifika kwa Mama Lenzi, safari yake imeishia hapo.

Alikuwa na namna yake. Kwanza kidole: stempu halali ina meno laini pembeni, bandia inakwaruza. Kisha lenzi: ndege wa kwenye stempu ana nukta nyeupe ndani ya jicho, na waigaji huisahau. Mwisho ile taa ya zambarau, ambayo chini yake stempu halali huwaka mstari mmoja mwembamba tu. "Kipofu!" alikuwa akisema kwa sauti kila akimwona ndege asiye na nukta, na bahasha inaruka hadi kwenye kreti.

Na kitu kingine, tena hiki usikisahau. Kabla hajakagua bahasha yoyote aliifunika anwani kwa kipande cha boksi, akaacha pembe ya stempu tu. Zamani, alipokuwa mgeni kazini, aliona jina la jirani kwenye bahasha ya mahakama, na jioni mdomo ukamponyoka mbele za watu. Yule jirani hakumsalimia tena mpaka alipohama. Tangu siku hiyo Mama Lenzi akaapa kwamba atatazama stempu, na ya watu atawaachia watu.

Sasa, huyu mtu mkali wa kazi alikuwa na donda lake. Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, mshona nguo, anayeishi mji mwingine, na walikuwa hawajasemezana mwaka wa sita. Kosa lilikuwa la mkubwa, tusifichane. Mama yao alipofariki, Mama Lenzi aliuza cherehani ya marehemu bila kumwuliza mtu, akidhani ni chuma chakavu. Ndiyo cherehani ambayo mdogo mtu alijifunzia kushona, akiwa amekaa mapajani mwa mama. Simu iliyopigwa siku ile haikuwa simu, yalikuwa matusi matupu, na mwisho mdogo akasema, "Usinipigie simu tena maisha yako yote!" Mkubwa naye akajibu, "Naapa, sikupigii!" Wakakata.

Hasira hasara. Miezi miwili iliyopita, Mama Lenzi alishindwa kuubeba ule mzigo tena. Simu asingepiga, alishaapa, na kwao kiapo hakivunjwi na aliyeapa, hufunguliwa na aliyeapiwa tu. Basi akaandika barua, kurasa mbili, akasema wazi: nilikosa, nisamehe. Akabandika stempu halali, akaitia mwenyewe kwenye mfuko wa barua. Kila jioni akawa anafungua sanduku la posta namba 418, lililokuwa la baba yao, akitafuta jibu. Vumbi. Jana vumbi, juzi vumbi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na lake lilishaanza kukata tamaa. Alijiambia mdogo wake amesoma ile barua, ameichana, na undugu umekwisha.

Ijumaa hiyo ilikuwa siku ya kumwaga kreti. Barua yenye stempu bandia, ikiwa na anwani ya mtumaji nyuma, hurudishwa. Isiyokuwa nayo hukaa kwenye kreti, na kila baada ya miezi miwili zote hutiwa kwenye mashine ya kuchana karatasi. Aliyeifanya kazi hiyo ni karani mmoja mwembamba aitwaye Redio, jina alilopewa kwa kuwa hajawahi kuzimika. Yeye husoma anwani kwa sauti, anaandika daftarini, kisha anachana.

"Mama Lenzi, sikiliza hii!" Redio akacheka, barua tayari iko kwenye mdomo wa mashine. "Kwa Dada Kidoti, Sanduku la Posta mia nne kumi na nane. Jamani, mtu mzima anaitwa Kidoti!"

Chai ikamwagika mezani.

"Zima hiyo mashine."

"Kwani kuna nini?"

"Nimesema zima!" Kiti kikalia, Mama Lenzi akawa amesimama. "Kidoti ni mimi."

Redio akaizima mashine, akaichomoa ile barua. Akamtazama kidevuni, pale penye alama ndogo nyeusi. "Na mimi miaka yote hii nadhani ni wino," akasema polepole.

Jina hilo lilitoka kwa mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo hakulitamka kwa miaka sita. Redio akapekua kreti, akatoa ya pili, akatoa na ya tatu. Zote hazikuwa na anwani nyuma, maana mama yao aliwafundisha kwamba kuandika pale nyuma ni kumwambia mtu wa posta humwamini. Na stempu zote tatu zilikuwa zimekatwa kwa mkasi wa mshona nguo, ule unaoacha meno meno pembeni. Mama Lenzi alizikumbuka vizuri sana. Ya mwisho aliikamata Jumatano ya wiki hiyohiyo, akasema mbele za watu, "Mwizi huyu hata haya hana, stempu zake hazichaniki kwa mkono, sasa anazikata kwa mkasi." Kikulacho ki nguoni mwako. Mkono wake mwenyewe ndio uliozitupa barua alizokuwa akizililia.

Akanyoosha mkono azichukue. Redio akazificha nyuma ya mgongo.

"Aa-aa. Umenifundisha mwenyewe. Aliyeandikiwa anakuja dirishani, analipia stempu halali, anapewa. Zunguka mbele, mama, upange foleni."

Akapanga. Mbele yake kulikuwa na mzee mwenye kifurushi kilichofungwa kamba kumi, na kila kamba ilikuwa na maelezo yake. Mama Lenzi akayasikiliza yote. Alipofika dirishani, Redio akakunja uso.

"Kitambulisho?"

"Redio!"

"Kitambulisho, mama." Akakisoma mbele na nyuma. "Humu hakuna Kidoti."

Mama Lenzi akainua kidevu. Redio akainama, akakikagua kama mtu anayetazama stempu, kisha akaandika daftarini: ametambuliwa. Akapokea pesa za stempu tatu, akampa barua zake.

Alizisomea kwenye benchi, chini ya sanduku 418. Ya kwanza ilisema: "Dada Kidoti, nimekusoma mara tatu. Cherehani ni chuma, wewe ndiye dada yangu. Nijibu haraka." Ya pili: "Wiki tatu kimya. Umejuta kwamba ulijuta?" Ya tatu ilikuwa fupi, na kalamu ilikandamizwa mpaka karatasi ikatoboka. "Hii ndiyo ya mwisho. Jumamosi tarehe kumi na nne nakuja kwa basi la saa tano. Nikikuona, yameisha. Nisipokuona, napanda basi hilohilo linaporudi, na usiniandikie tena."

Tarehe kumi na nne ilikuwa kesho. Mama Lenzi alilia palepale, bila kujificha, na mzee wa kifurushi akampa kipande cha kamba ajifutie, maana hakuwa na kitu kingine.

Kesho yake saa mbili asubuhi alishafika kituo cha mabasi. Saa tano ikafika, basi halipo. Saa tano na nusu likaingia, likakohoa moshi, likafungua mlango. Wakashuka wanaume wawili, mama mwenye mapacha, mwanajeshi, bibi mmoja na begi lake. Kisha hakushuka mtu. Moyo wa Mama Lenzi ukashuka badala yao.

Akapita pembeni mwa basi akichungulia madirisha. Kiti cha nyuma kabisa, kulikuwa na mwanamke amejikunyata, amefunika uso kwa mikono, kama mtoto anayeogopa kutazama. Mama Lenzi akagonga kioo kwa lenzi yake. Mikono ikafunguka kidogo, jicho moja likatokea, na baada ya hapo sijui nani alikimbia zaidi ya mwenzake.

Walikumbatiana mpaka dereva akawaambia wasogee. Kisha mdogo mtu akamsukuma. "Mbona hukunijibu? Barua tatu!"

"Zilishikwa. Stempu zako bandia, mdogo wangu. Na aliyezishika ni mimi."

"Bandia? Mimi nimezilipia!" Huyu tangu utoto alikuwa mkono wa birika, hasemi hapana kwa kilichopunguzwa bei. Akafungua mkoba, akatoa karatasi pana iliyokunjwa vizuri ndani ya kitambaa. "Nilinunua mia. Nusu bei! Nilisema tukipatana tutakuwa na mengi ya kuandikiana, zitutoshe mpaka uzeeni."

Zilibaki tisini na saba. Mama Lenzi akainua lenzi, kazi ni kazi, akatazama. Ndege tisini na saba, na hakuna hata mmoja mwenye nukta ndani ya jicho. Lile neno lake lilifika kwenye ulimi, akalimeza.

"Jumatatu lazima nizikabidhi kazini," akasema kwa upole.

"Zote?"

"Zote."

Mdogo mtu akaitazama ile karatasi kwa huruma. "Sasa tutaandikianaje?" Akachezea kamba ya mkoba. "Basi nipigie simu," akasema.

Mama Lenzi hakungoja kufika nyumbani. Akatoa simu palepale, akatafuta namba ambayo kwa miaka sita hakuifuta wala hakuigusa, akabonyeza. Mkoba wa mdogo wake ukalia. Mdogo mtu akaitoa simu yake, akageuka kidogo kama mtu aliyeko mbali, akaiweka sikioni.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

"Kidoti," akasema.