Neno la Nutan

Mwalimu Tripurari alikuwa na sheria moja katika darasa lake la matayarisho ya mtihani pale mjini Patna: neno gumu la Kiingereza halikai kichwani mpaka ulipatie sura ya mtu unayemjua. Kwa hiyo kila neno alilitafutia mwanafunzi. Mithilesh alipewa ulafi. Mimi nilipewa ubishi, na sikuona ubaya.

Siku moja aliandika ubaoni superfluous. "Ni kitu cha ziada," alisema. "Kikiondoka, hakuna atakayejua. Haya, humu ndani ni nani huyo?"

Tulikuwa watu mia mbili. Nikasema, "Nutan, mwalimu."

Nutan nilikuwa nakaa naye chumba kimoja. Asubuhi hiyo alikuwa amenipikia chai.

"Nutan ndiye nani?" mwalimu aliuliza, na darasa zima likaangua kicheko. "Simama, binti. Geuka na wa nyuma wakuone. Mwangalieni vizuri, neno hili halikosi kwenye mtihani."

Alisimama akageuka, daftari mkononi. Alikuwa ameshaandika neno na maana yake, kwa mwandiko safi.

Jumamosi alifunga mizigo akarudi kwao. Wiki mbili baadaye, mama mwenye nyumba aliniuliza kwa nini siku hizi nanunua maziwa kidogo.

Kwenye mtihani, neno hilo lilikuwa swali la kumi na tisa. Wenzangu walikuwa wanakuna vichwa. Mimi niliuona uso wa Nutan, nikachagua jibu, nikafungua ukurasa uliofuata.