Sababu ya Kiyotaka Kuondoka

Mhariri, Bwana Munakata, alizisoma kurasa zangu mbele yangu, harakaharaka, huku nimekaa mikono magotini kama mwanafunzi mtoro. Ndivyo ilivyo Tokyo: unabeba michoro yako mwenyewe hadi ofisi ya gazeti la manga, yaani hadithi za katuni, unaketi, unahukumiwa usoni. Asingeichukua hii, ningerudi kwa mama kuuza tofu, ile jibini ya soya, na tofu nilishaichoka tangu utotoni.

Ilikuwa manga fupi kuhusu wawili wanaocheza dansi za mashindano. Wawili hao ni mimi na Kiyotaka, aliyekuwa mwenzi wangu wa dansi, majina tu nilibadili. Kwenye mashindano namba hubandikwa mgongoni mwa mwanamume peke yake, na majaji huiandika hiyohiyo; mwanamke hana namba. Kiyotaka alikuwa akipoteza mdundo kwenye kona za ukumbi, nami namvuta kimyakimya, jaji haoni kitu. Siku moja tukiwa mezani akaniambia amepata mwenzi mwingine, kisha akaendelea kula wali wake wa kari. Sababu hakutoa. Nilichora hivyohivyo.

Munakata aliisifu miguu, akasema uzito wa miili unaonekana. Akausifu na ukurasa wa kona, mwanamke akimwokoa mwanamume. Kisha akavua miwani.

"Udhaifu wake ni huyu mwanamume. Anaondoka tu. Msomaji atauliza, kwa nini?"

"Hakuna kwa nini. Watu wengine ndivyo walivyo."

"Watu, sawa. Kwenye manga haiendi, Bi Segawa. Si huyu dada anamvuta kila mara? Basi jamaa kachoka kuburutwa. Nichoree hivyo, nami nitakupigania kwenye kikao cha wahariri."

Nilimchukia, hasa kwa kuwa hadithi ingesimama vizuri zaidi. Nikarudi nyumbani nikachora upya. Ukurasa wa kona niliuacha, ila mwanamume nikampa uso wa maumivu, na mwanamke nikamkazia midomo. Ukurasa wa mwisho mwanamke anaomba radhi. Mkono haukusita hata kidogo, na hilo liliniuma.

Ikachapishwa. Kadi za kura za wasomaji zikaipandisha karibu na kileleni, Munakata akaanza kuniita mwalimu, kama waitwavyo wachoraji wenye jina. Mama aliwaonyesha wateja wote wa tofu, wapende wasipende.

Asubuhi moja Kiyotaka akapiga simu, mara ya kwanza tangu siku ya ule wali.

"Nimeisoma," alisema. "Sikutegemea kama ungekuja kukubali. Mimi nilishakusamehe zamani, Shiho. Usijitese tena."

Matusi niliyokuwa nimemwekea miaka yote yalinijaa mdomoni. Lakini makaa nilijipalia mwenyewe, na nchi nzima imeshasoma. Nikamwambia asante. Tena niliinama kwa adabu, simu sikioni, peke yangu jikoni.