Komwe Mkononi

Kitabu chenyewe kilisahauliwa na mgeni katika hoteli moja ya Shanzu. Ghalib, aliyekuwa karani wa mapokezi pale, alimngoja mwenyewe akirudie mpaka akachoka kungoja, akaenda nacho nyumbani Mikindani. Kilikuwa kitabu cha mchezo. Watu huketi pamoja, kila mmoja akajifanya shujaa wa zama za kale, na mmoja wao huwa msimulizi, kazi yake kuwatilia wenzake majoka na mapango njiani. Mwaka huo wa 1993 hapakuwa na mwingine Mikindani nzima aliyeyajua mambo hayo, na Ghalib akawa hashikiki kwa usomi.

Dadu za mchezo hazikuwamo. Afadhali, maana dadu katika nyumba ile zingezua maneno ya kamari hadi msikitini. Waliandika nambari ndani ya vifuniko vya soda, wakavitia katika kofia kuukuu, na aliyetaka kupiga upanga alitumbukiza mkono akatoa bahati yake.

Wachezaji walikuwa wawili. Hadi, binamu yake Ghalib, alikuwa na shujaa mwenye kifua cha chuma na akili za kuku. Tima, dadake Ghalib, alikuwa tabibu, na tabibu alikuwa na dawa ya kugusa, ya kusomwa kama kisomo. Hapo ndipo Ghalib alipopenda kueleza, na akianza huwezi kumkatiza. Dawa ya kugusa, alisema, haiishi pale pale unapoisoma. Waweza kuisomea mbali, mahali salama pasipo na adui wa kukuvuruga, kisha ukatembea nayo mkononi hadi kwa mgonjwa. Itakaa tu, ikikungoja. Ila ina sharti: humwingia yule utakayemgusa mwanzo, awe nani awe nani. Ukimgusa punda, aliyepona ni punda.

Sharti hilo lilileta ugomvi, kwa kuwa Hadi hakukosa hila za kudai kwamba fulani hajaguswa ila ameegemewa. Basi Ghalib akaongeza sheria yake mwenyewe. Mwenye kushika dawa atashika na mbegu ya komwe, zile za kuchezea bao, aifumbe katika mkono wa kulia tangu anapoisoma dawa hadi anapoitoa. Akimgusa mtu kwa mkono huo, hata kama ni mtu wa nyumbani aliyepita na ndoo yake, dawa imekwenda.

Alasiri moja shujaa wa Hadi alikuwa amelala ng'ambo ya mto, ametafunwa na joka, yu hoi. Shujaa huyo walikuwa naye tangu kabla ya Ramadhani, na Hadi alimwonea fahari kuliko cheti chake cha shule. Tima aliisoma dawa huku upande wa pili, akafumba komwe, akaanza kuvuka. Maji yalikuwa yamemfika kiunoni mtu alipopiga hodi mlangoni.

Alikuwa Shangazi Barke, amesimama ukumbini na buibui lake, akihema.

"Nimetoka hitimani Changamwe," alisema. "Nikaona nipite, maadamu ni njiani."

Kwa Shangazi ni Likoni. Mtu atokaye Changamwe kwenda Likoni huelekea kisiwani akavuka feri, na Mikindani huipa mgongo. Wote watatu walilijua hilo.

Shangazi Barke ndiye aliyemlea Tima. Mama yao alipofariki Tima hata kutambaa alikuwa hajajua, na tonge zake zote za utotoni zilitoka katika vidole vya Shangazi. Lakini tangu harusi ya Ghalib, Shangazi alikuwa amesusa. Siku ile Tima alikuwa ameketi na wasichana wenzake, hina mbichi viganjani. Shangazi akaingia, akanyosha mkono ubusiwe. Tima akamwonyesha viganja vyake viwili, akacheka, akageukia wenzake. Shangazi aliurudisha mkono ndani ya buibui, akaenda zake kabla ya biriani kuletwa. Watu wa pwani wanajua kususa, lakini Shangazi Barke alikuwa mwalimu wao. Tima alimpelekea salamu, zikarudi kavu. Alivuka feri akaenda mwenyewe, akaambiwa bibi amelala, na huku ndani anamsikia akikohoa. Alilia kwenye feri akirudi, wala hakujali nani anamtazama.

Na sasa Shangazi yule yule alikuwa mbele yake, amenyosha mkono.

"Shikamoo, Shangazi," alisema Tima, akainuka.

Ngumi ya kulia ilikuwa imefumba komwe. Hadi aliitazama ile ngumi kwa macho ya kuomba, kama mtu atazamaye kamba aliyofungiwa kisimani. Wallahi Tima hakufikiri. Ngumi ilijificha nyuma ya kanga, na mkono wa kushoto ukatoka wenyewe.

Kushoto! Katika nyumba ile hata paka hakupewa kitu kwa mkono wa kushoto. Shangazi aliutazama, kisha akamtazama Tima usoni, na midomo yake ikaanza kujikunja vile vile kama siku ya harusi. Vidole vyake vikaanza kurudi kwenye buibui.

Tima aliuwahi ule mkono kabla haujaingia. Aliushika kwa mkono wake wa kulia, komwe na yote, akauinamia akaubusu, akabaki ameuwekea paji la uso.

"Nimekufa," alisema Hadi kwa huzuni.

"Marahaba," alisema Shangazi, akakifunua kiganja chake, komwe imebaki humo. "Na hii komwe ni ya nini?"

Ikabidi aelezwe. Alieleza Hadi, mwenye msiba, tangu joka hadi mto hadi sharti la kugusa. Shangazi alisikiliza bila kukatiza, jambo lisilo kawaida yake.

"Kwa hivyo ulijua," alimwambia Tima. "Ulijua ukinipa mkono, dawa ya mwenzio inapotea."

"Nilijua, Shangazi."

"Na ukanipa."

"Nilikupa wa kushoto kwanza. Nisamehe. Na hina ya siku ile pia, nisamehe. Haikuwa imekauka."

"Hina niliiona tangu mlangoni, mwanangu. Mimi si kipofu." Shangazi aliketi mkekani taratibu, kwa ajili ya magoti. "Sikununa kwa mkono. Ulicheka, ukanipa kisogo, ukaendelea na wenzio. Ungenipa japo shavu nilibusu."

Tima alimfuata mkekani. Aliketi karibu naye, bega kwa bega, na Shangazi hakusogea.

"Ghalib," alisema Shangazi baadaye. "Kitabu chako chasemaje, dawa ikimwingia mtu asiyeumwa?"

Ghalib alifunua kurasa, akarudi nyuma, akaenda mbele. "Hakisemi."

"Basi haijatumika. Mimi siumwi popote, alhamdulillahi." Magoti yale yalikuwa yakijulikana Likoni nzima. "Dawa i hapa hapa. Mkishavuka huo mto nitampa Hadi mimi mwenyewe."

Akaifumba komwe katika mkono wake wa kulia. Ghalib, mtu wa sheria, alifungua kinywa. Mkewe, Samiha, aliyekuwa akiingia na sinia, alimtupia jicho, naye akakifunga.

Kwenye sinia kulikuwa na mahamri ya moto, mbaazi za nazi, na chai ya maziwa yenye iliki. Shangazi, aliyeshinda hitimani akila moshi wa ubani tu, aliliangalia lile sinia kwa mapenzi ya dhahiri. Kisha akaiangalia ngumi yake. Kula kwa kushoto haiwezekani. Kuifungua ngumi, Hadi atakufa.

Tima alinawa mikono. Akamega hamri, akalichovya kwenye mbaazi, akalipeleka kinywani mwa Shangazi. Shangazi akapokea, akatafuna. Tima akakiinua kikombe, akakipuliza kidogo, akamnywesha.

"Huo mto ni mpana?" aliuliza Shangazi, kinywa kimejaa.

"Si sana," alisema Hadi, mwenye haraka zake.

"Mimi naona ni mpana," alisema Shangazi.

Mto wa Ghalib ulikuwa wa kuvuka mara moja. Lakini alimtazama dadake anavyomega pande jingine, macho yamemlowa, akakifunika kitabu, na akaupanua mto ule hata mahamri yakaisha.